Maleti Nyuma ya Mulango

Mimi naitwa Kamate, na kabla hamujanisikia nikimusema bibi yangu, mujue kwamba kosa ni langu. Nalitanguliza hapa ili nisije nikalificha huko mbele, maana najijua. Miaka thelathini niliendesha lori kati ya Butembo na Goma, na dereva wa lori hakosi uongo mudomoni. Lakini hii nitaisema kama ilivyokuwa, hata kama inanichoma.

Bibi yangu, yaani muke wangu, ni Émérance. Hapa Keshero, mutaa wa Goma, wanamuita Mama Mukunga, ingawa sasa hazalishi tena. Miaka kumi na kenda alizalisha ku maternité moja ndogo karibu na Kalengera, kule Rutshuru: nyumba ya mbao, vitanda vine, taa ya petroli, na yeye. Kila mutoto aliyepita mu mikono yake aliandikwa. Siku, saa, kilo, jina la mama, jina la baba kama yuko, kijiji, na pembeni kidole gumba cha mama mu wino wa bluu. Registre nne nene, watoto elfu moja mia kenda na sita. Ile hesabu anaijua kama anavyojua jina lake.

Vita ilipopita kule, maternité iliungua na registre zote ndani. Nani aliwasha moto, sijui, na hata nikijua sitasema. Kilichobaki ni picha. Miezi michache kabla, panya walikuwa wameanza kula pembe za karatasi, basi Émérance akapiga kila ukurasa na telefoni, akaweka picha zote mu kompyuta yetu ya nyumbani, ile ya kukunja siye tunaita mashini, akazifuta mu telefoni. Picha mia mbili kumi na mbili. Kama si panya, tusingekuwa na kitu.

Tangu turudi kuishi Goma, watu wa kule waliokimbia wanamutafuta. Mama anapiga hodi, mutoto nyuma yake: eti shule inaomba tarehe ya kuzaliwa, ofisi inaomba, na karatasi ya mutoto ilibaki mu nyumba iliyoungua. Émérance alikuwa anawasha mashini, anatafuta, anakuza picha mpaka kile kidole kinajaa ekra, kile kioo cha mashini. Yule mama anaweka kidole chake pembeni, analinganisha, anacheka. Kisha anapewa ukurasa wake, kwa sababu ofisi haitaki majina yaliyopigwa upya na mashini. Inataka maandiko ya mukunga, na kidole.

Bon. Sasa musikie tuliishi namna gani. Mashini moja, mu nyumba moja, yenye kufuli ambayo mimi naifungua na mupini wa kijiko. Émérance hakukubali nyumba ibaki hata saa moja bila mutu. Siku ya Mungu yeye alienda misa ya kwanza, mimi misa ya pili. Miaka miwili hatukukaa benchi moja kanisani, mpaka padri akanivuta pembeni kuniuliza kama nyumbani kuko amani. Ku kilio alienda yeye, ku arusi nilienda mimi, na kula nyama ya arusi peke yako, bila mutu wa kukukataza pombe, si raha kama munavyofikiri.

Na mimi nilikuwa nimekwisha kufungiwa hata bila hiyo. Lori iliuzwa. Barabara ya Butembo, niliyoijua shimo kwa shimo, haipitiki tena kwa mutu kama mimi. Nilizunguka mu parseli, kiwanja chetu: ukuta wa mawe meusi upande huu, ukuta wa mawe meusi upande ule, na katikati ile mashini ikinguruma kama kinu cha kusaga mihogo. Niliichukia, nasema wazi. Nilikuwa naiona kama muke mwenza, tena muke mwenza anayependwa kuliko mimi.

Kisha Héritière akapiga simu kutoka Kampala. Ni mutoto wetu mumoja tu, ameolewa kule. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa nane, na alikuwa na woga mpaka hamalizi maneno. Hakuomba pesa, hakuomba nguo. Aliomba mama yake.

Émérance akasema hawezi. Watoto wote wale wa watu aliwapokea, wengine na mvua ikivuja juu ya mugongo wake, na huyu wa damu yake hawezi kwenda kumupokea, maana akiondoka nani atachunga. Nilimuambia mimi nitachunga.

"Wewe unasinzia hata ukisimama," alinijibu, akageuza uso ku ukuta.

Ni kweli nasinzia. Ndiyo maana nilikasirika. Nilivaa viatu nikaenda Birere kumuita Gradi, mutoto wa marehemu kaka yangu, mwanaume wa miaka thelathini anayetengeneza mashini za watu. Nilimuambia aje aniondolee kile kifungo mu nyumba.

Gradi alikuja, akaweka sikio juu ya mashini kama vile Émérance alivyokuwa anaweka sikio juu ya tumbo, na uso wake ukabadilika. Alituambia kuna kitu kinagonga ndani. Hapo ndipo nilielewa kwamba tulikuwa tunachunga mugonjwa. Mwizi alikuwa shida ndogo; ile mashini ingekufa yenyewe, siku moja, bila kuaga. Dawa ni kutoa kopi, akasema, na kopi ziko za namna nyingi, tuchague.

Tuchague! Namna ya kwanza ilikuwa flashi. Émérance alikataa kabla Gradi hajafunga mudomo. Flashi alikuwa nayo zamani. Aliipeleka kando ya barabara kutoa karatasi moja, ikarudi na virusi, na picha zote juu yake zikawa majina matupu. Tangu siku ile flashi kwake ni kama kikombe cha mugonjwa wa kolera.

Namna ya pili ilikuwa kutuma ku enteneti. Gradi aliisifu sana. Alisema hata Goma yote ikiingia mu ziwa, Héritière atafungua picha akiwa amekaa Kampala. Konekso yetu inakatika kama pumzi ya muzee, lakini angejaribu polepole, siku kwa siku. Alikuwa amekwisha kuanza, picha ya kwanza inapanda, Émérance akamushika mukono. Musisahau ndani ya zile registre kuna nini. Kuna baba asiyetajwa, na kuna baba aliyetajwa ambaye si bwana wa nyumba. Kuna ugonjwa ulioonekana mu damu. Kuna wasichana waliokamatwa kwa nguvu njiani. Gradi alimueleza kwamba vitu vinafungwa na neno la siri, kwamba mutu hawezi kuvisoma. Émérance akamuuliza ni nani anachunga ile nyumba ya mbali vitakapolala, na kama Gradi amekwisha kuonana naye hata mara moja.

"Walinipa haya yote wakiwa uchi," alisema. "Siyapeleki mahali sipajui."

Tuliiacha hapo. Namna ya tatu ilikuwa kuweka picha juu ya diski na kumupa mutu avuke nayo mupaka mu mufuko. Nilimuendea Cédrick, dereva wa bisi ya Kampala, tulianza kazi pamoja. Aliniuliza mu diski kuna nini. Nikamuambia majina ya watoto, ya wazazi wao na vijiji vyao. Akaniangalia vile munaangalia mutu aliyelewa asubuhi. Wakimufungulia mufuko ku bariyeri ya askari, wakute liste ya majina na vijiji, mu siku hizi, atawaeleza nini? Alikuwa na haki. Gradi alikuwa na haki, Émérance alikuwa na haki, kila mutu alikuwa na haki, na siye tulibaki mu nyumba vilevile.

Mwishowe tulichukua diski, ile ndogo ya kuchomeka pembeni, unaiweka mu kiganja. Gradi alikopia picha zote juu yake, akaweka tena juu ya flashi mupya aliyoapa haitaguswa na mashini nyingine, na zote akazifunga na neno la siri ambalo Émérance hakuniambia hata mimi. Kisha akatupa sharti. Kopi ni tatu: mashini, diski, flashi. Moja isilale mu nyumba hii, ili nyumba ikipata shida, kopi zote zisiipate pamoja.

Miriam, rafiki ya Émérance, alisema tuiweke kwake Munigi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Munigi, pale lava inapopita ikishuka! Basi tulipeleka diski kwa Sœur Béata, mutawa anayefundisha kushona, dakika kumi kutoka kwetu. Aliipokea imefungwa mu kitambaa, hakuuliza swali, akaifungia mu kabati ya chuma pamoja na mavazi ya misa. Tukirudi, Émérance alitembea polepole, akiangalia bustani za watu. Siku ya Mungu iliyofuata tulikaa benchi moja. Wakati wa kupeana amani alinishika mukono akasahau kuuachia, na mimi, muzee muzima, machozi yalinitoka mbele ya wanakwaya.

Émérance akakata tiketi ya bisi ya Cédrick. Jumamosi, siku ya posho tunasema siye.

Sasa niwaeleze maleti. Mu Goma, nyumba yenye akili ina maleti, sanduku la safari, nyuma ya mulango. Ndani kuna diplomi, karatasi za parseli, picha ya arusi, kila kitu ambacho moto ukikikula hakirudi. Volkano ikitoka, unashika maleti na watoto, unakimbia. Mimi mu deux mille deux, mwaka wa elfu mbili na mbili, volkano ilipotoka, sikuwa na maleti. Lava ilikula nyumba yetu na picha moja tu ya mama yangu niliyokuwa nayo, na leo nikifunga macho sioni tena sura yake, naona kitenge tu. Toka hapo niliapa. Chenye thamani kikae mu maleti, na maleti ikae mulangoni. Mashini na flashi zililala mule, na kila mara nilipopita niliigusa na muguu kuhakikisha iko.

Siku ya tatu, Jumatano ile ya kabla ya safari, saa tatu asubuhi, ardhi ikatetemeka. Sahani zikalia. Ikatetemeka tena, mara nne mpaka saa nne na nusu. Telefoni zikaanza kuleta sauti ya mutu asiyejulikana akisema mulima umefunguka, kila mutu akimbie upande wa Sake. Émérance alikuwa soko, anatafuta kitenge cha kumubebea mutoto. Mimi nilifanya vile mutu wa Goma anafanya: nilianza kukusanya. Na nikikusanya nikakumbuka diski.

Nilikimbia kwa Sœur Béata, mimi na magoti yangu haya. Aliniambia kabati ni ya chuma, na watawa hawajaamua kuondoka, niiache. Nilimujibu kwamba lava haiulizi kama kabati ni ya chuma. Akanipa. Nikaifikisha nyumbani, nikaiweka pamoja na mashini na flashi, nikavuta zipu. Na nilisikia utulivu, mujinga mimi. Vyote viko pamoja, nilisema, sasa volkano itoke ikitaka.

Émérance alifika akihema, tukashika moto moja, ile pikipiki ya kukodi, motari mwenye kuiendesha mbele, yeye katikati, mimi nyuma, na maleti juu ya tangi. Barabara ilikuwa imejaa watu, magodoro, mbuzi. Ku kipandio cha Mugunga moto ikashindwa. Motari akasema tushuke tupande na miguu, atatungojea juu. Miaka thelathini sikuacha muzigo wangu mu mikono ya mutu, hata wa kunisaidia kufunga kamba. Siku ile nilishuka, nikamushika bibi yangu mukono kwa sababu kiatu chake kilikuwa kimekatika, na maleti ikabaki juu ya tangi. Tulipofika juu, motari hakuwako. Alikuwa amevaa gile, kizibao cha motari chenye namba mugongoni, na mimi niliyesoma plake za magari maisha yangu yote sikuiangalia ile namba.

Tulisimama pale mpaka jua likageuka. Volkano haikutoka. Haikutoka siku ile, wala kesho yake. Watu walianza kurudi wakicheka, wakisukuma magodoro yao, na siye tulirudi nao.

Nyumbani Émérance alikaa juu ya kiti cha mashini. Alikuwa mutulivu, na huo utulivu ulinitisha.

"Mashini imeenda, sawa," alisema. "Flashi imeenda, sawa. Diski iko kwa Sœur Béata."

Niliinama kuvua viatu, nikafungua kamba moja, nikaifunga tena.

"Papa Héritière. Diski iko kwa Sœur Béata?"

"Nilienda kuichukua," nilimuambia. "Niliiweka mu maleti."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliangalia mulango, pale nyuma ambapo maleti ilikuwa inakaa, na chakula cha jioni nilikula peke yangu.

Gradi alizunguka ku vituo vyote vya motari. Padri alitangaza ku misa ya asubuhi: arudishe picha tu, mashini abaki nayo. Hakuna aliyekuja.

Wa kwanza kuja kuomba ukurasa wake alikuwa mama mumoja, Alhamisi, na mapacha. Nilitaka kumufukuza mulangoni, kwa haya. Émérance akamuita. Alimuangalia usoni kwa muda murefu, akaniambia nishike kalamu. Kisha akasema siku, saa, kilo mbili na gramu mia nne kwa wa kwanza, kilo mbili na mia moja kwa wa pili, miguu mbele. Yote kutoka kichwani. Yule mama akalia, kweli ilikuwa ile. Ofisi ilikubali pia, kwa sharti moja: mukunga asimame pale yeye mwenyewe, aape.

Nilinunua makaye matatu, madaftari ya shule. Émérance akaanza kutamka, kijiji kwa kijiji, mwaka kwa mwaka, na mimi naandika. Na hapo, Ijumaa, siku moja kabla ya safari, nikaelewa tumefika wapi. Kopi ilikuwa imebaki moja. Inatembea na miguu miwili, ina presha, na Jumamosi inapanda bisi ya Cédrick kupitia bariyeri zote mpaka Kampala.

Ni mimi niliyemupigania aondoke. Ni mimi niliyemuomba abaki. Nilisema maneno mazuri, habari ya wale watoto, habari ya ofisi, lakini hakuna hata neno moja alilolihitaji; alikuwa amekwisha kuamua. Alitoa tiketi mu kitambaa, akanipa nikamurudishie Cédrick. Cédrick alingoja robo saa akidhani atabadili mawazo. Kisha bisi ikaenda. Tangu siku ile simuachi apande moto, simuachi abebe maji, akikohoa naamka. Alikuwa mufungwa wa mashini. Sasa ni mufungwa wangu.

Héritière alizaa siku ya pili ya juma lililofuata, mutoto wa kike, muzima. Alipiga simu na hakutaka kuongea na mimi. Émérance alimuuliza saa na kilo. Héritière akamujibu kwa sauti ndogo, kisha akamuomba: "Mama, umuandike." Émérance akanipokonya kalamu akaandika mwenyewe: elfu moja mia kenda na saba. Pembeni aliacha nafasi ya kidole.

Basi tukaendelea. Tulifika mia tatu na kumi, na nilianza kujisamehe kidogo. Kisha akaja Clarisse, mama wa kutoka Masisi, na binti yake Christa, ambaye shule inataka kumuandikisha ku egzame ya mwisho. Clarisse alizalia Kalengera siku tatu tu kabla ya kuendelea na safari yao ya kukimbia. Émérance akamuangalia mama, akamuangalia binti, akamushika kidevu akamugeuza huku na huku. Nilikuwa nimekwisha kuandika jina, nangoja tarehe. Alifunga macho. Nje mutu alipita akiuza mukate, akafika mwisho wa avenii, akarudi.

"Ni wewe ulimupokea," Clarisse alimuambia polepole. "Ulimufunga mu suweta yako."

"Suweta naikumbuka," Émérance alisema. "Yeye simukumbuki."

Clarisse, aliyepoteza hesabu ya siku mu kukimbia kule, alimuomba aseme tarehe yoyote, hata ya uongo, mutoto aingie ku egzame. Émérance hajaandika tarehe ya uongo maisha yake yote, na hakuandika. Aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi, akakaa mbele yangu. Kalamu ilikuwa bado mu mukono wangu, na mbele ya jina la Christa mahali pa tarehe palikuwa peupe.

"Mulitaka kopi tatu, Papa Héritière," aliniambia. "Imebaki moja, na imeanza kufutika. Andika haraka."